Mkuu wa Povu

Tulimwita Mkuu, ingawa alikuwa mkuu wa watu wawili tu, na mmoja wao nilikuwa mimi. Mwingine alikuwa mlinzi wa getini, ambaye tulimwazima siku za mazoezi na siku nyingine zote alirudi kwenye geti lake. Hicho ndicho kilikuwa kikosi kizima cha zimamoto cha yadi ya mafuta, pale kandokando ya barabara kabla hujafika Sirari, ambapo malori hupumzika yakisubiri karatasi za kuvukia Isebania, upande wa Kenya. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Yeye aliniita Stoo, na baada ya miaka sita nadhani alikuwa amesahau kwamba nina jina.

Alikuja mkoani Mara kutafuta dhahabu, kama wengi waliotoka mikoa ya kati. Alichimba mwaka na nusu, dhahabu ikakataa kumtambua. Yadi ilipotangaza nafasi ya mtu wa usalama alijitokeza peke yake, akapelekwa kozi ya wiki mbili, akarudi na cheti, kizibao cha njano na sauti mpya. Waliomjua kabla ya kozi walisema alikuwa mtu wa kuongea taratibu. Baada ya kozi alizungumza kama anayewaita watu kupitia moshi, hata alipokuwa anaomba chumvi.

Amri yake kubwa ilikuwa "Hatua kumi nyuma!" Aliitoa kwa madereva wenye sigara, kwa mama wa chapati mwenye jiko la mkaa, na siku moja nilimsikia akimpa mbuzi. Kofia ngumu hakuivua akila ugali. Alipokuja nyumbani kwangu mara ya kwanza hakukaa; alizunguka jikoni akikagua nyasi za paa, akaniambia nyumba yangu ni kiberiti chenye mlango. Ndipo akaketi na kuomba chai.

Kanisani kwetu alitia fora. Mchungaji alikuwa anahubiri moto wa jehanamu, na alikuwa amefika mahali pazuri, watu wametulia. Mkuu akasimama, akavua kofia kwa heshima, akauliza moto huo ukiwahi kufika kabla ya siku yake, waumini watatokea wapi, maana kanisa lina mlango mmoja. Wengine walicheka. Mchungaji hakucheka. Jumamosi iliyofuata Mkuu alikuja na fundi na futi kamba, akajitolea siku zake mbili za mapumziko, na leo kanisa lina milango miwili. Wa pili hutumiwa zaidi na wanaotaka kuondoka kabla ya sadaka, lakini upo.

Nayasema haya ili mjue hakuwa mtu mzembe. Aliogopa moto kwa moyo wake wote. Ila chochote kilichozima moto alikiamini kama mtoto anavyomwamini mama, na hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

Stoo yangu ilikuwa na madumu ya dawa ya povu, ya bluu, yamepangwa mpaka darini. Dawa yenyewe ilikuwa nzito kama asali iliyochujwa vibaya. Ukiichanganya na maji na kuipitisha kwenye bomba lenye mdomo mpana, inatoka povu jeupe, zito, linalotandaa juu ya mafuta na kuunyima moto hewa. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Mkuu alimimina dizeli kwenye karai kubwa la chuma, akaiwasha, akahesabu hadi tatu, akaizima. Moto ulizimika kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Povu likaendelea kutoka kwa sababu Mkuu hakuwa na haraka ya kufunga bomba.

Watoto wa shule ya jirani ndio walioanza. Walikaa ukutani wakitazama, halafu siku moja wakaruka ndani. Povu liliwafika kifuani. Walirushiana, wakajitengenezea ndevu, wakatoka weupe kama wamepakwa unga. Binti yangu Ghati, wakati huo akiwa darasa la pili, alirudi nyumbani akinukia kitu kama sabuni na plastiki. Mkuu, mtu ambaye hangeruhusu mtoto asogelee kiberiti, alisimama ameshika bomba akicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Tangu hapo akawa mtu maarufu. Shule ilimwalika siku ya michezo. Diwani alimwalika kwenye mkutano, na watu wakaja wengi kuliko alivyowahi kuwapata kwa sera zake. Bwana harusi mmoja wa Sirari aliomba povu limwagwe uwanjani ili apige picha na mkewe kama wako Ulaya kwenye theluji. Madereva wa upande wa Kenya walimwita Kapteni, wakimwambia, "Kapteni, uko sawa sana, hata kwetu hatuna mtu kama wewe." Alilichukua hilo kama cheti cha pili.

Nyumbani kwake povu lilikuwa na kazi zote. Aliosha nalo pikipiki, akasugulia masufuria, akapaka miguuni kulipokuwa na fangasi. Mzee Marwa, mfugaji anayekaa bondeni chini ya yadi, alilalamika kuhusu kupe, naye Mkuu akampa dumu zima aogeshee ng'ombe. Kupe hawakufa hata mmoja. Lakini ng'ombe waling'aa kiasi kwamba mnadani Mzee Marwa alisifiwa, akarudi kuomba dumu lingine.

Madumu matupu nayo hayakutupwa. Yalikuwa imara, yana mfuniko mzuri, na Mkuu aliyagawa kijiji kizima akisema usalama uanzie nyumbani. Watu waliyasuuza mara mbili, wakachotea maji kijitoni, wakawekea maziwa na togwa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuliza kama dawa ile haina sumu. Aliuliza vizuri tu, mbele ya watu. Mkuu alichovya kidole kwenye povu, akakilamba mbele yake.

"Mnaogopa sabuni?" akauliza.

Watu walipiga makofi. Alirudia kile kitendo kwenye kila onyesho, na kilipendwa kuliko moto wenyewe.

Nisingekuwa mkweli nisipoeleza siku ya lori. Ilikuwa saa sita mchana, yadi imejaa. Tangi la lori moja lilikuwa linavuja nyuma, mtu akawasha jiko la mafuta ya taa mahali pasipostahili, na kabla hatujaelewa, moto ulikuwa unakimbia chini ya magari. Meneja wetu alikimbia pia, kuelekea barabarani. Mlinzi alifungua geti, jambo la maana, kisha akapita humo humo. Mkuu hakukimbia. Alivuta bomba peke yake, mimi nikimfungulia dumu baada ya dumu, akaingia katikati ya malori akizima huku akipaza sauti kwa madereva waliolala ndani watoke. Watatu walitoka kwa kuburutwa na yeye. Nyusi zake ziliungua na hazikurudi sawasawa. Yadi ilisalimika, na kijiji pamoja nayo.

Siku ile tulimaliza karibu nusu ya stoo. Povu lilijaa mtaroni, likateremka bondeni, likaingia kijitoni, na kwa siku tatu maji yalipita yamevaa kofia nyeupe. Akina mama walilichota kwa beseni wakafulia. Nilisikia mmoja akisema ajali nyingine zina baraka. Baada ya hapo nani angethubutu kusema neno kuhusu povu? Lilikuwa limeokoa watu, na tulikuwa tumeliona kwa macho.

Miaka miwili hivi baadaye ikaja barua kutoka makao makuu. Ilisema aina ile ya dawa inaondolewa, isitumike tena, madumu yote yaliyobaki yafungwe mpaka watakapokuja kuyachukua. Sababu haikuandikwa. Mkuu alisoma akadhani ni mambo ya kubadilisha rangi ya lebo. Ijumaa hiyo alifanya onyesho la mwisho, kubwa kuliko yote, ili watoto wasikose.

Waliokuja kuchukua madumu walikuwa wanaume wanne na mtaalamu wa kemikali, msichana mdogo mwenye miwani. Wanaume walishuka garini, wakavaa suti nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, glavu ndefu, na barakoa zenye vichujio viwili mashavuni. Mkuu alikuwa amevaa ndala. Aliwakaribisha kwa furaha, akaingia stoo, akabeba dumu begani ili awasaidie. Dumu lile lilikuwa linavuja kidogo, kama yalivyovuja mengi, likamchuruzikia shingoni.

Mmoja wa wale watu alinyoosha mkono uliovaa glavu.

"Mzee, weka chini," akasema kupitia barakoa. "Rudi hatua kumi nyuma."

Sikuwa nimewahi kumwona Mkuu akitii amri ile. Aliweka dumu chini, akarudi, akihesabu hatua bila kujua kwamba anahesabu kwa sauti. Alipofika kumi akasimama, na pale aliposimama niliona kwamba amezeeka.

Yule msichana alikuwa na adabu. Alimwamkia shikamoo, akamweka kivulini, akamweleza taratibu. Dawa ile ina kemikali ambazo hazioozi. Zikiingia kwenye udongo zinakaa, zikiingia kwenye maji zinasafiri nayo. Kuchemsha maji hakuziondoi. Zikiingia mwilini mwa mtu hukaa miaka, na wataalamu wamezihusisha na magonjwa kadhaa, ya figo na ya tezi ya shingoni, na saratani za aina fulani, na kwa watoto zinaweza kudhoofisha kinga. Akasema pia kwamba siyo kila aliyeguswa ataugua. Siku hizi yako mapovu mengine yasiyo nazo.

Mkuu alimuuliza swali moja tu. Alitaka kujua itakuwaje mtu akilamba.

Msichana alidhani ni mzaha, akacheka. Halafu akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Meneja alituita sote jioni ile. Alisema kampuni inalifanyia kazi suala hili, mchakato unaendelea, na mtu yeyote asilete taharuki kwa wananchi. Wiki iliyofuata kibao kipya kilisimikwa kando ya kijito: "Maji haya ni salama kwa matumizi ya kawaida." Mzee Marwa alimuuliza meneja kama kunywa ni matumizi ya kawaida. Meneja akajibu kwamba hilo ni swali la kitaalamu.

Mkuu hakutulizwa na maneno ya meneja. Alipotoka kazini siku ya pili baada ya kikao kile alianza kupita nyumba kwa nyumba, amevaa kizibao chake cha njano, akiomba madumu yarudishwe na maji ya kijito yasinywewe. Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Nani alikuwa anaaminika kuliko yeye? Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa shida. Alikuwa ametufundisha vizuri mno. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alilamba na yuko mzima. Wengine walidhani kampuni imegundua madumu yale yana thamani na inayataka. Mama mmoja alificha yake manne chini ya kitanda.

Kwa Mzee Marwa nilikwenda naye. Tulimkuta anakamua, na dumu la bluu liko miguuni pake, limejaa maziwa nusu. Mkuu alieleza yote, kuanzia kwenye udongo mpaka kwenye figo. Mzee aliendelea kukamua.

"Mura," akasema mwishowe, kama wazee wa Kikurya wanavyomwita kijana, "hili dumu ulinipa wewe, kwa mkono wako. Ulisema ni zuri. Siku ile ulikuwa mwongo, au leo ndiyo mwongo?"

Mkuu alisema siku ile alikuwa hajui.

"Basi na leo hujui," akasema Mzee Marwa, na hakulitoa dumu.

Jumapili aliomba nafasi kanisani. Mchungaji, ambaye hakuwa amesahau ile habari ya jehanamu, alimpa dakika mbili. Mkuu hakupaza sauti. Aliongea kama walivyosema alikuwa akiongea zamani kabla ya kozi, na waliokaa nyuma walilazimika kuinama mbele ili wasikie. Alisema, "Mimi ndiye niliyewachezesha watoto wenu kwenye sumu, sikujua, na sikuuliza." Alisema, "Msinisamehe leo, kwanza acheni maji." Kisha akataja majina ya watoto aliowakumbuka, mmoja mmoja, na Ghati wangu alikuwa kati ya wa kwanza. Akapitiliza dakika mbili na hakuna aliyemkatisha.

Siku hiyo madumu kumi na moja yalirudishwa. Siku iliyofuata meneja alimpumzisha kazi kwa kuleta taharuki. Barua yake ilimshukuru kwa mchango wake mkubwa katika masuala ya usalama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kijiji kilichagua kamati ya maji, wakanifanya katibu kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Tuliandika barua, tukaambiwa barua haina kumbukumbu namba. Tukaandika yenye namba, tukaambiwa imepelekwa kwingine. Sampuli za maji zilichukuliwa, zikasafirishwa mbali kwa sababu hapa karibu hakuna mashine ya kuzipima, na majibu yalipokuja yalisema kijito na kisima kifupi kilichoko bondeni visitumike kwa kunywa wala kupikia. Kampuni ikachimba kisima kirefu upande wa juu wa yadi. Uzinduzi ulikuwa na turubai, muziki na keki yenye umbo la bomba. Meneja alikata utepe, akasema kampuni imekuwa mstari wa mbele siku zote katika kulinda afya ya jamii. Mkuu hakualikwa. Na Mzee Marwa alifika na dumu la bluu kuchotea maji safi.

Mkuu alikuwa amehamia Kenyamonta, nyumbani kwa kina mkewe. Nilisikia kwamba aliugua, akapelekwa Mwanza akatolewa figo moja. Mkuu alimuuliza daktari kama ni povu. Akasema hawezi kusema ni povu na hawezi kusema si povu, na kwa kuwa wote wawili hawakuwa na la kuongeza, waliagana.

Mwaka huu kamati ilianza kukusanya maelezo ya watu waliogusana na ile dawa, ili siku ikitokea nafasi ya kupimwa, wajulikane. Jina la kwanza lililopaswa kuandikwa lilikuwa lake. Nikapanda gari hadi Mugumu, nikachukua pikipiki, nikamkuta kwake asubuhi, ameketi nje anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Kichwani hakuwa na kofia, na niliona kwamba amepata upara.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba Stoo. Watoto wazima?"

Nikamwambia Ghati yuko kidato cha pili, yuko mzima, tunamtazama tu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mahindi. Mkewe alileta chai na viazi. Tuliongea habari za meneja, ambaye amepandishwa cheo, na za kanisa, na tukacheka kidogo. Kisha nikatoa daftari langu na kalamu, nikamweleza nilichofuata. Alipangusa mikono kwenye suruali.

"Kabla hujaandika," akasema, "wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Kiingereza unakijua. Yale maandishi madogo kwenye madumu, ulikuwa unayaelewa?"

Nilikuwa nimesubiri mtu aniulize swali hilo kwa miaka, na nilikuwa nimeandaa majibu kadhaa mazuri. Sikukumbuka hata moja.

"Nilikuwa nayaelewa," nikasema.

"Yalisemaje?"

"Usiguse bila glavu. Usiache yaingie mtoni wala kwenye mtaro. Usitumie tena chombo."

"Uliyasoma lini?"

"Wiki ya kwanza. Nilipokuwa napanga stoo."

Mkewe, aliyekuwa akipepeta kando yetu, aliacha, akatutazama, akaona si mambo yake, akaingia ndani. Nilimwambia kwamba mwanzoni nilidhani ni yale maandishi ya kawaida ambayo kila kitu kinayo, hata dawa ya mbu. Halafu watoto wakawa wanafurahi. Halafu yeye akawa maarufu, na mimi nikawa mtu wa karibu na mtu maarufu. Halafu moto ukazimwa, watu wakapona, na ikawa nimechelewa. Nilimwambia pia kwamba Ghati nilimkataza kuingia kwenye povu, yeye peke yake, tena baada ya lile onyesho la kwanza, na watoto wa wenzangu sikuwakataza.

Hilo sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote.

Mkuu hakukasirika, ningependa angekasirika. Aliokota punje za mahindi zilizoanguka karibu na mguu wangu, akazirudisha kwenye ungo moja moja, mpaka zikaisha.

"Andika," akasema. "Andika yote, nami nitatia sahihi. Ila uanze na wewe."

Nikaahidi. Fomu ya kamati niliijaza pale pale mbele yake, na jina langu liko juu. Lakini fomu ile husomwa na watu saba wa kamati. Haya yatakayosomwa na wengi, kama mlivyoona, nimeyaanza na yeye.